Usinunue, Tengeneza Mwenyewe

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wetu wa wasanii na wapenda sanaa, wengi mmeniomba niiweke yote kwa ajili ya waliokosa kufika, basi ndio hii kama nilivyoongea. Picha nilizokuwa naonyesha ukutani sijaziweka, nyingi nilizieleza kwa mdomo.

Jamani habari zenu, asanteni kwa kuja, na nyie mliosimama kule nyuma sogeeni sogeeni, nafasi bado ipo.

Kabla sijasema lolote naomba mikono. Nani hapa wiki hii amenunua kitu ambacho hata hakuwa na shida nacho? Msione aibu. Naona karibu ukumbi mzima, na wangu pia uko juu. Haya shusheni. Sasa nani wiki hii ametengeneza kitu kwa mikono yake mwenyewe, kitu chochote kile, barua, mchoro, hata kiraka cha suruali? Mmoja, wawili, wanne. Na yule mama kule mwisho. Mama umetengeneza nini? Begi la mtoto, kwa jinzi iliyochakaa. Asante sana mama. Leo humu ndani wewe ndiye panki kuliko sisi wote na nasema hivyo kwa moyo mmoja, mtanielewa tukiendelea.

Maana neno lenyewe panki limetuchanganya. Wengi wetu tulilijua kwanza kwa kinyozi, panki ni nywele zimesimama katikati pembeni kumenyolewa, basi. Wengine mnajua ni muziki wa makelele, magitaa yanakwaruza, mtu anafoka dakika mbili wimbo umekwisha. Yote kweli. Lakini mimi nimekuja kuongelea kile kilichobaki baada ya makelele kuzimika, yaani sanaa, picha, karatasi, nguo iliyochapwa, na lile swali ambalo panki waliliuliza na mpaka leo linatuwasha: kwani lazima tununue kila kitu, hata mawazo yetu?

Turudi London, 1976. Vijana wengi hawana kazi, redioni zinapigwa bendi kubwa zenye vyombo ambavyo kijana wa kawaida hawezi hata kuviota, na kila ukuta una tangazo linakuambia ukinunua hiki na wewe utakuwa mtu. Kuna kijana karani wa benki anaitwa Mark Perry, Julai mwaka huo akaamua kutoa gazeti lake mwenyewe la panki, Sniffin' Glue, maandishi kwa taipureta, vichwa vya habari kwa kalamu nene, akikosea neno anakata mstari anaendelea, nakala za kwanza 50 tu, fotokopi, zimebanwa kwa stepla. Vijana wakalishika wakasema, hivi tu? Hata mimi naweza! Na wakafanya, magazeti madogo ya hivyo yakaota kila mji wa Uingereza. Mwanzoni mwa 1977 mojawapo likachora vidole vinavyokaa kwenye gitaa, mkao wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu likamwambia msomaji sasa anzisha bendi. Hakuna somo la nne.

Hata mimi naweza. Shikeni hayo maneno matatu, nitayarudia mpaka mchoke.

Sasa twende Manchester, 1977. Kuna mwanafunzi wa usanifu wa michoro anaitwa Linder Sterling. Ana kioo juu ya meza, ana kile kisu chembamba cha daktari wa upasuaji, na ana marundo mawili ya magazeti. Rundo la kwanza magazeti ya wanawake, mitindo, mapishi, mapambo ya nyumba. Rundo la pili magazeti ya wanaume, yale ya kufichwa chini ya godoro. Yeye kakaa katikati anakata. Na ukizitazama kazi zake unaona kabisa kwamba marundo yote mawili biashara ni moja, huku mwanamke anauziwa jiko, kule anauzwa yeye.

Kazi yake iliyojulikana kuliko zote ni kava la singo, yaani rekodi ya wimbo mmoja, ya bendi ya panki ya Buzzcocks, mwaka huo huo. Naieleza taratibu maana hii inataka kutazamwa kwa karibu. Ni mwili wa mwanamke, uchi, mikono kaipandisha juu, ngozi inang'aa. Lakini kichwa hana. Pale kichwa kilipotakiwa kukaa kuna pasi. Pasi ya umeme, imekatwa kwenye katalogi ya duka. Na kwenye matiti, mahali pa chuchu, kuna midomo miwili inatabasamu, meno meupe peee. Hakuna damu hapo, hakuna tusi, kila kipande kilipigwa picha na mtu aliyelipwa ili wewe uvutiwe. Linder alichofanya ni kuvihamisha tu, hiki kitoke hapa kiende pale, na tangazo zima likaropoka siri yake. Mimi mara ya kwanza kuiona nilikaa nayo muda mrefu sana, halafu nikafungua gazeti lililokuwa mezani kwangu na kila ukurasa nikaanza kuona pasi.

Hebu niulizeni rangi alinunua wapi. Hakununua! Kamera? Hakutumia! Kisu, gundi, na matangazo ambayo wenzake wanayatupa. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, sasa jiulizeni vile vinavyojitembeza kwenye simu zenu tangu mnaamka mpaka mnalala, vinajitembeza kwa nini? Msanii wa panki anavishika vikiwa vinapita hivyo hivyo, anavikata, anavirudisha barabarani vikiwa vinasema kitu kingine.

Jamie Reid alikuwa fundi wa hilo. Kabla hata panki haijazaliwa, miaka ya mwanzo ya 1970, yeye na wenzake walikuwa na kiwanda kidogo cha uchapaji huko Croydon, na walichapa stika zinazofanana kabisa na zile za maduka, rangi zile zile, zinamwambia mteja anunue haraka kwa sababu duka linakaribia kufungwa, halafu sababu yenyewe ni kwamba mali ghafi za dunia zinaisha. Miaka hiyo! Kabla wengi wetu humu hatujazaliwa. Na zile herufi zilizokatwakatwa magazetini, kila moja saizi yake kama barua ya mtekaji nyara, ambazo leo ukiziona tu unajua hii ni panki, zilianzia hapo hapo kwa sababu hela ya kulipia herufi nzuri hawakuwa nayo. Ukosefu wa hela ukawa mtindo. Ndipo 1977, mwaka wa jubilei ya Malkia wa Uingereza kutimiza miaka 25 kwenye kiti, bendi ya panki ya Sex Pistols wanatoa wimbo wao kuhusu Malkia na Reid anachukua picha yake rasmi, ile ya heshima, anachana karatasi anamfunika macho na mdomo, na juu ya hivyo vipande vilivyochanwa yanasomeka jina la wimbo na jina la bendi. Kazi ya mkasi na gundi, na nchi nzima ilitikisika.

Haya, hilo ni la mkasi. La pili ni bei, na hapa naomba tuelewane vizuri maana wasanii wengi hatupendi kulizungumza.

Unaweza ukachora picha inayopinga uchu wa kununua halafu picha yenyewe ukaiuza kwa bei ya nyumba. Si tunafanya hivyo? Tunafanya. Sasa kulikuwa na kundi linaitwa Crass, waliishi pamoja kwenye nyumba moja ya shambani Essex, mlango wazi, wanalima mboga zao, walikuwepo kuanzia 1977 mpaka 1984. Hawa kwenye kava la rekodi zao walichapa kabisa maneno ya kumwambia mnunuzi usilipe zaidi ya kiasi hiki. Bei ipo juu ya kava lenyewe, sehemu ya mchoro! Mwenye duka akitaka kupandisha anaumbuka mbele ya mteja.

Na aliyekuwa anachora ni mwanamama anaitwa Gee Vaucher. Huyu alishawahi kukaa New York akichorea magazeti makubwa, kazi ya kulipwa, akarudi kwenye nyumba ile ya shambani. Michoro yake ukiitazama haraka unadhani ni picha za magazeti zimekatwa na kubandikwa, kumbe sogea karibu, nyingi ni rangi ya maji, amepaka kwa brashi, nukta kwa nukta, wiki nzima mtu ameinama juu ya karatasi. Halafu mchoro huo unachapwa mkubwa, unakunjwa mara kadhaa, kava la rekodi lenyewe likifunguliwa linakuwa bango. Kijana amenunua rekodi ya bei ya chini anafika chumbani anakunjua, anabandika ukutani, tayari ana kazi ya msanii mkubwa. Hakuingia galari, hakuna mlinzi wa kumuuliza anatafuta nini.

Mwaka 1989 Vaucher alichora Sanamu ya Uhuru ya Marekani imejifunika uso kwa viganja vyote viwili. Miaka ikapita, na Novemba 2016 baada ya uchaguzi wa Marekani gazeti la Daily Mirror likaiweka ukurasa wa mbele, mtu aliyekuwa hajui hata Crass ni nini akaielewa kwa sekunde moja. Na mwaka huo huo makumbusho ya Firstsite kule Colchester yalifungua onyesho kubwa la kazi zake za maisha yote.

Nasikia mtu ananong'ona, kwa hiyo na yeye ameishia makumbusho? Ndio. Na hapo tumefika pagumu.

Soko lina meno na lina tumbo. Soko haliogopi panki hata kidogo, soko linapenda sana panki, maana panki inapendeza kwenye fulana. Mnajua ilipofika 2015 kule Uingereza benki ya Virgin Money walitoa nini? Kadi za mkopo za Sex Pistols. Kadi ya benki! Ule mchoro wa Jamie Reid, njano na waridi, umechapwa kwenye plastiki ya kukopea ili ukanunue vitu ambavyo hela yake huna. Mtu aliyebandika stika za kuwazuia watu wasinunue, kazi yake imekuwa kitu cha kununulia. Mimi hili liliniuma, bado linaniuma.

Mwaka uliofuata, tarehe 26 Novemba 2016, miaka 40 kamili tangu singo ya kwanza ya Sex Pistols itoke, Joe Corré, mtoto wa mbunifu wa mavazi ya panki Vivienne Westwood na Malcolm McLaren aliyekuwa meneja wa bendi ile, alipanda boti mto Thames akachoma moto makusanyo yake ya vitu vya panki, nguo, rekodi, makaratasi, yeye mwenyewe alisema thamani yake pauni milioni 5. Alikuwa na hasira kwamba mji mzima unasherehekea panki kama urithi wa kuwekwa kwenye kabati la kioo. Hasira yake naielewa kabisa. Lakini moto wake haukunishawishi ndugu zangu, na nawaambia sababu: watu wote waliouongelea walianza na ile milioni 5. Kama vile vitu vingekuwa havina bei nani angetazama? Hata katika kuchoma, bei ndiyo ilikuwa inaongea. Mi ningevigawa. Ningesimama nimpe kila kijana anayepita kipande kimoja na mkasi.

Kuna na mwingine, Raymond Pettibon, California, alichora vipeperushi vya bendi ya kaka yake, Black Flag, na ile alama ya mistari minne nyeusi ambayo watu duniani kote wamejichora tatuu. Fotokopi hizo zilibandikwa kwenye nguzo za barabarani, mvua ikizinyeshea basi. Leo watu wanakusanya makaratasi hayo kama dhahabu na 2017 New Museum ya New York ilimfanyia onyesho la jengo karibu zima. Simlaumu, mchoraji mzuri mno yule. Ila kipeperushi kilipokuwa kwenye nguzo kilikuwa kinafanya kazi, kinamwambia mtu leo usiku njoo. Kwenye fremu kinamwambia mtu nini?

Na mimi niseme yangu. Miaka kadhaa iliyopita mimi na wenzangu wawili tulichonga ubao tukachapa picha ya rundo la nguo zilizotupwa, rundo limepanda mpaka limeziba madirisha ya nyumba, na mkono wa mtoto umetokeza katikati umeshika lebo ya bei. Tulibandika mitaani, watu wakaipenda. Ikaja kampuni moja ya nguo, siitaji, wakataka kuitumia kwenye fulana, wakasema tunaipenda ile roho yenu ya kipanki. Nilikuwa na shida, nikasaini, wenzangu niliwaomba wakakubali kwa ajili yangu. Baada ya miezi naingia dukani nazikuta zimepangwa, na ule mkono wa mtoto wameufuta. Ule mkono! Lebo ya bei imebaki, na juu yake wamechapa bei halisi ya fulana. Nilisimama pale nimeishika nikasikia masikio yanapata moto. Halafu baada ya msimu nikaziona tena, zimetupwa nyuma ya jengo, kwenye rundo.

Kwa hiyo nikaacha kuchapa. Mwaka mzima. Nikawa naona haina maana, chochote utakachotengeneza watakimeza tu. Na kilichonitoa huko ndicho nilichokuja kuwaambia leo, hivyo vingine vyote vilikuwa njia ya kufika hapa.

Kisiwa cha Borneo, upande wa Malaysia, jimbo linaitwa Sabah. Huko Ranau, chini ya mlima Kinabalu, mwaka 2010 vijana wapenzi wa panki walianzisha kikundi wakakiita Pangrok Sulap. Pangrok ni panki roki jinsi watu wa kule wanavyoitamka. Sulap ni kile kibanda ambacho mkulima anajengea shambani ajipumzishe jua likiwa kali. Kibanda cha panki! Nilipoelewa jina hilo nilicheka kwa furaha. Na kaulimbiu yao ni ya maneno manne tu, jangan beli, bikin sendiri, usinunue, tengeneza mwenyewe.

Walianza na kazi za kujitolea vijijini, mpaka bendi ya panki ya Jakarta inayoitwa Marjinal ikaenda kule na ikawafundisha kuchonga ubao na kuchapa. Huko Indonesia sanaa hii ilishashika, kuna kundi la Taring Padi la Yogyakarta lililoanza 1998, mwaka ule Rais Suharto alipoanguka, waliingia kwenye majengo ya chuo cha sanaa yaliyokuwa yameachwa wakaishi humo, wanachapa mabango ya ubao wanayabandika barabarani. Kwa hiyo tazameni safari yenyewe, bendi inakuja kupiga muziki, inaacha nyuma patasi na wino. Hata mimi naweza, imevuka bahari.

Sasa wanavyochapa. Wanachukua ubao mkubwa, mwingine mrefu kuliko mtu, wanachora, wanachonga wengi kwa pamoja, huyu anachonga mti, huyu anachonga uso wa bibi, na wanakijiji wenyewe wanaitwa wachonge hadithi yao. Wino unapakwa kwa rola, nguo nyeupe inatandikwa juu. Inatakiwa kitu kizito cha kuigandamiza. Wenye viwanda wana mashine ya kugandamizia, ni ghali mno. Wao hawana. Wanafanyaje? Wanapiga muziki, watu wanapanda juu ya nguo, wanacheza! Wazee, watoto, wageni waliokuja kutazama tu, wote wanakanyaga, mpaka wino umeingia kwenye uzi. Halafu wanashuka, watu wawili wanashika pembe wanaibandua nguo taratibu, krrr, na picha inatokea, na kila aliyecheza anatafuta mahali alipokuwa amekanyaga.

Niambieni, hapo mnunuzi ni nani? Mtazamaji ni nani? Msanii ni nani? Huwezi kuwatenganisha. Na ubao mmoja unatoa nakala nyingi, hakuna ile moja ya kufungiwa sandukuni ipande bei, na nguo unaikunja unaiweka begani unaenda nayo kijiji cha pili.

Msidhani ni kucheza tu hakuna hatari. Mwaka 2017 walipeleka Kuala Lumpur kazi kubwa ya sehemu mbili kuhusu jimbo lao, upande mmoja uzuri wake, upande wa pili matatizo yake, ufisadi, misitu inayokatwa. Malalamiko yakapelekwa, kazi ikashushwa ukutani. Mwaka uliofuata kazi zao zikawa Brisbane, Australia, kwenye maonyesho makubwa ya Asia Pacific Triennial. Ndio, na wao wanaingia majumba makubwa, sitawaficha. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba soko likiichukua ile nguo, haliwezi kuichukua ile siku. Ile fulana yetu walifuta mkono kwa sababu mkono ulikuwa umechorwa tu. Huku mikono na miguu ya watu mia ndiyo picha yenyewe, utaifuta wapi?

Niliposoma habari zao nikaenda stoo nikautoa ubao wetu wa zamani. Vumbi, wino umekauka kwenye michongo. Nikausafisha kwa mswaki siku nzima. Mkono wa mtoto bado upo, kidole gumba kimebanduka kidogo.

Ubao huo ndio ule pale, chini ya shuka. Hamkuja kununua kitu leo, mezani hakuna kitu cha kuuza, nilimwambia aliyeniuliza mlangoni na narudia. Wino uko tayari, rola ziko mbili, nguo tumeshona mashuka ya zamani mliyoleta wenyewe. Kwenye ubao nimeacha kona ya juu haijachongwa, patasi zipo, anayetaka kuongeza kitu aje achonge kwanza, kumbuka tu maandishi unachonga yakiwa yamegeuka kama kwenye kioo, la sivyo yatatoka kinyume. Mama wa begi la jinzi, naomba uanze wewe.

Wengine safu ya mbele vueni viatu. Tunapanda kumi kumi, tunaanzia kona ya kushoto tunakwenda kulia, kisigino kwanza halafu vidole, mkanyage kwa kushuka chini, msiburuze mguu maana nguo ikiteleza picha inatoka mbili mbili. Watoto wakae katikati. Kijana wa spika, weka muziki.